Akidi ya Migongo

Kiti cha mbele, upande wa kulia wa mwenyekiti, ni changu. Hakuna aliyenipa kwa barua, lakini nimekikalia katika mikutano ya kijiji tangu mwanangu Elia alipoanza darasa la kwanza, na sasa Elia ana watoto wanne. Nasema hivi mapema ili anayesoma ajue kwamba mambo haya hayakunikuta nimejificha nyuma ya watu. Yalinikuta mbele kabisa, kijiji kizima kikiniangalia, na wengine, Mungu awasamehe, wakicheka.

Yalianza na vigingi viwili. Mtaalamu wa maji alikuja kutoka Mugumu na mashine yake ya kupima, akazunguka siku mbili, kisha akapigilia vigingi viwili vilivyopakwa rangi nyekundu. Kimoja bondeni, upande wa hifadhi ya wanyama, hatua chache kutoka njia ya ng'ombe wetu. Cha pili juu, nyuma ya shule. Alisema maji yapo sehemu zote mbili, lakini mradi ni wa kisima kimoja, kwa hiyo kijiji kichague. Mashine ya kuchimba ilikuwa Kenyamonta. Ikimaliza huko ingekuja kwetu, ila kama wilaya haijapokea muhtasari mzuri wa mkutano mkuu wa kijiji, ingepita moja kwa moja kwenda kijiji kinachofuata kwenye orodha.

Wazee tulichagua bondeni kabla mtaalamu hajawasha pikipiki yake. Mimi, Waitara, ndiye niliyetoa hoja. Kiangazi kilichopita ng'ombe wangu wanane walikufa kwa kiu na kukonda, na nilikitaka kisima kile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka tangu nilipooa. Tena sifichi, nilitaka siku moja watu wakipita pale waseme, hiki ni kisima cha Waitara. Mkutano ukaitwa, wazee tukazungumza, mikono ikanyooshwa, tukaenda nyumbani.

Baada ya wiki moja muhtasari ulirudi. Aliyeniletea habari ni Judith, mtendaji wetu wa kijiji, binti wa watu wa Nata, mwembamba, mwenye sauti ya chini na kichwa kigumu.

"Shikamoo, mzee Waitara."

"Marahaba. Wamekubali?"

"Wamerudisha. Wameandika hapa: wanawake waliohudhuria, mia moja kumi na wawili. Wanawake waliochangia, hakuna. Wanauliza inakuwaje wanaochota maji hawana la kusema juu ya maji. Mkutano urudiwe."

"Si walinyoosha mikono?"

"Walinyoosha baada ya nyinyi kunyoosha."

"Basi walikubali."

"Mzee, nimewapitia nyumba kwa nyumba. Wote wananijibu jambo moja. Wanasema, nitasimamaje kusema mbele ya baba mkwe wangu?"

Na ni kweli. Kwetu Wakurya, baba mkwe na mkamwana wanaheshimiana kwa kukwepana. Hatushikani mikono. Nikiingia uani, yeye anaingia jikoni. Mogesi, mke wa Elia, alikuwa amekaa nyumbani kwangu miaka kumi na mmoja, na sauti yake nilikuwa naijua ikitoka nyuma ya ukuta tu, akiimba au akiwagombeza watoto. Akiwa na neno kwangu anampa mke wangu Bhoke, na Bhoke ananiletea. Si uadui. Ni soni, na soni hiyo ndiyo inayofanya watu waliokutana ukubwani waishi boma moja bila kuvunjiana heshima. Sasa mwanamke wa namna hiyo asimame mbele ya kijiji, mimi nimekaa hatua tano kutoka kwake, aseme nimekosea?

Na Mogesi alikuwa na neno. Bhoke alikwisha kuniletea, jioni ileile ya vigingi. "Mama Tabitha anasema bondeni tembo wanapita," alisema. Nikamjibu kwamba maneno ya jikoni yabaki jikoni. Leo naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyojibu.

Judith hakukata tamaa. Alitengenezesha sanduku la maoni, akalitundika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, akatangaza kwamba mwenye wazo aandike bila jina. Baada ya siku tano tulilifungua, yeye, mimi, na Selestine, mwenyekiti wetu. Ndani mlikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ililalamika kwamba mbuzi wa Waitara wanamaliza mihogo ya watu. Ya pili iliuliza bwana shamba amehamia wapi. Ya tatu iliandikwa: "Naunga mkono hoja ya mzee Waitara kwa asilimia mia." Judith aliuangalia mwandiko, akaniangalia mimi, akaikunja ile karatasi taratibu. Mwandiko ulikuwa wangu.

Basi mkutano wa pili ukaitwa. Hapo ndipo sisi wazee tulipofanya kosa ambalo nadhani lingeweza kufanywa na sisi tu. Kisyeri, rafiki yangu wa rika moja, alikuja kwangu asubuhi akiwa amelifikiria jambo usiku mzima.

"Mura," aliniambia, kama wanaume wa Kikurya tunavyoitana, "kama sisi ndio kikwazo, dawa ni ndogo. Tusiende."

Nikaona amesema la maana. Tukapitishiana habari, na wazee wote wenye wakamwana, thelathini na mmoja kwa hesabu, tukabaki nyumbani. Tulikusanyika kwangu, tukanywa uji, tukasifiana. Saa tisa hivi tukasikia vigelegele kutoka upande wa ofisi ya kijiji. Kisyeri akanipigapiga goti. Tulijiona watu wema sana, tulioacha viti vyetu kwa faida ya wengine.

Saa kumi Judith akatokea, daftari la mahudhurio kwapani, uso umemshuka.

"Wamesema?" nikamuuliza.

"Wamesema mpaka kalamu imeniishia wino."

"Sasa mbona uko hivyo?"

"Akidi haikutimia, mzee. Inatakiwa watu mia mbili hamsini. Walikuja mia mbili ishirini na saba." Alitutazama mmoja baada ya mwingine, tulivyojipanga na vikombe vyetu. "Mmekosekana nyinyi."

Kisyeri alihesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza. "Kwa hiyo tukija, hawasemi. Tusipokuja, walichosema hakihesabiwi."

"Ndiyo hivyo, mzee."

Akakaa kwenye gogo, akajishika shavu. Nilidhani atalia, na mimi mtu akilia mbele yangu sijui mikono niiweke wapi. Alisema mashine inamaliza Kenyamonta Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mkutano wa mwisho ungekuwa Ijumaa, na baada ya hapo hakuna mwingine.

"Lakini walisema nini?" nikauliza.

"Siwezi kukuambia. Mkutano haukuwa halali."

Nilimchukia kidogo kwa jibu hilo, na nikamheshimu zaidi. Nikaenda kwa Bhoke, ambaye alikuwa mkutanoni na amerudi na uso unaong'aa utadhani katoka harusini. Nikamuuliza mama Tabitha alisema nini.

"Nenda Ijumaa ukamsikie mwenyewe," akajibu. "Miaka kumi na mmoja nabeba maneno yenu, ya huku napeleka kule, ya kule naleta huku. Nimechoka kuwa punda."

Nikambembeleza mpaka usiku. Wapi! Alikula, akasali, akalala.

Ijumaa watu walijaa. Judith alihesabu mia mbili sitini na mmoja. Sisi wazee tulikuwa mbele kama kawaida, wengine kwenye viti vya plastiki vya ofisi, wengine kwenye vigoda walivyobeba kutoka nyumbani. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye kanga, mbele yetu lakini pembeni kidogo, macho yote ardhini. Mogesi alikuwa mstari wa tatu. Nilijua ni yeye kwa mtandio wake wa njano, si kwa uso.

Selestine alifungua mkutano. Yeye ana miaka arobaini, wanawe bado wako shule, hana mkamwana, kwa hiyo hakuna anayemwonea soni. Alisoma ajenda, akaeleza habari ya vigingi viwili, akasema, "Sasa tunawaomba akina mama mchangie."

Kimya. Ng'ombe mmoja akalia huko machungani.

"Akina mama, jamani. Juzi mlisema hapahapa."

Kimya zaidi. Judith alikuwa ameshika kalamu mpya, tayari kuandika. Mimi hasira zilianza kunipanda. Niliwakasirikia wanawake kwa kunyamaza, nikamkasirikia Judith kwa kutuletea masharti, nikamkasirikia yule wa wilayani aliyehesabu waliochangia. Nikaanza kuiona ile mashine ya kuchimba inapita barabarani mbele ya kijiji chetu, vumbi nyuma, inakwenda kwa wengine. Nikawaona ng'ombe wangu wanane walivyolala. Nikamwona na yule mwenye mtandio wa njano, amefunga mdomo kwa ajili ya kuniheshimu mimi, na heshima hiyo inakwenda kutunyima maji sote. Hasira ikakosa mtu wa kumwangukia isipokuwa mwenye kiti cha mbele.

Nikapiga moyo konde. Nikasimama, nikakinyanyua kiti changu.

"Mura, unaondoka?" Kisyeri aliuliza kwa kelele, maana masikio yake si mazuri. "Akidi!"

"Siondoki."

Nikakizungusha kiti, nikakiweka kikiwa kimeelekea hifadhini, nikakaa. Mgongo wangu ulikuwa kwa wanawake na macho yangu yalikuwa kwenye miti ya mbali.

"Mwenyekiti," nikasema kwa sauti, "mimi nipo. Andika jina langu. Ila hakuna mtu ninayemwona, na hakuna anayeniona uso."

Kisha nikasikia kigoda kinaburutwa. Kisyeri akaja kukaa kando yangu, naye akielekea hifadhini, akilalamika kwamba jua linampiga machoni. Akaja wa tatu. Akaja wa nne. Mwisho tulikuwa tumejipanga wote thelathini na mmoja, tumeupa mkutano migongo, kofia zetu zimenyooka mstari mmoja.

"Hii inaruhusiwa?" nikamsikia Selestine akinong'ona.

"Sheria inataka mjumbe awepo," Judith akajibu. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia. "Haisemi aangalie wapi."

Akazunguka kuja mbele yetu, akatuhesabu uso kwa uso, akaweka tiki. Nyuma yetu wanawake walianza kucheka, kwanza wasichana, baadaye kicheko kikaenea mpaka kwa bibi vizee. Kilipotulia, nikasikia sauti.

"Mwenyekiti."

Niliijua. Sikuwahi kuisikia ikitamka neno lile, lakini niliijua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu.

"Mwenyekiti, mimi naitwa Mogesi. Kila siku saa kumi na moja alfajiri napita bondeni na ndoo. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi nakuta mavi ya tembo. Si makavu, mwenyekiti. Yana moto! Maana yake wenyewe wamepita sasa hivi. Mwaka jana nilihesabu asubuhi hamsini na tatu. Agness hapa alikuwa na tangi la plastiki upande ule. Walinusa maji, wakaja, wakalipasua, wakanywa, wakaondoka bila hata asante. Sasa na sisi tunataka kuwachimbia kisima kabisa? Basi tuwawekee na vikombe!"

Watu waliangua kicheko. Nikaona mabega ya Kisyeri yanaruka. Mimi sikucheka, ulimi ulikuwa unaniwasha. Nimezoea kujibu hoja, na hapo nilikuwa najibizana na miti.

"Mwenyekiti!" nikapaza sauti kuelekea hifadhini. "Mwambie huyo msemaji, je, ng'ombe watakunywa wapi? Watapanda shuleni wakanywe darasani?"

"Mwenyekiti," sauti ikajibu papo hapo, "mwambie huyo mzee aliyeuliza kwamba maji yanateremka yenyewe. Kisima kikiwa juu, bomba moja linashuka mpaka kwenye josho, huku karibu na nyumba, ng'ombe wanakunywa kwenye birika na tembo hawafiki. Kisima kikiwa bondeni, nani atayapandisha maji? Ni sisi. Kwa vichwa."

Nilikuwa nimelizungukia lile bonde miezi miwili nikilifikiria, na hilo la maji kuteremka halikunijia hata mara moja. Lakini sikuwa tayari kushindwa mapema hivyo.

"Mwenyekiti, mwambie, mtaro wa bomba hilo atauchimba nani?"

"Mwambie kila kaya hatua kumi. Tulishagawana Jumatano. Kwake amepewa Elia."

"Na bomba lenyewe?"

"Mtaalamu alisema limo kwenye mradi. Nilimuuliza."

"Ulimuuliza lini?"

Neno lilinitoka kabla sijalizuia. Sikumtaja mwenyekiti. Nilikuwa nimemsemesha mke wa mwanangu, moja kwa moja, mbele ya watu mia mbili sitini na mmoja. Kisyeri alinigeukia kwa macho makubwa.

"Mwenyekiti," sauti ikasema polepole, kwa adabu zote, "mwambie mzee nilimuuliza siku ileile ya vigingi. Wakati wao wanapitisha hoja bila sisi."

Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Naapa. Kilitoka tumboni, kikanitikisa mpaka kiti cha plastiki kikalia, na mkutano wote ukalipuka nyuma yangu. Baada ya hapo soni ilikuwa imepata njia yake, na wanawake hawakungoja kuombwa. Scholastica alizungumzia wasichana wa shule wanaokosa vipindi kwa kufuata maji. Agness alieleza habari ya tangi lake upya, kwa urefu zaidi. Kila mmoja alisema na mwenyekiti, na kila mzee alijibu kwa mwenyekiti, na maskini Selestine alikaa katikati akipokea na kupeleka kama Bhoke wangu.

"Yule wa kwanza ana akili," Kisyeri aliniambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini. "Ni wa kwa nani?"

"Ni wangu," nikasema.

"Wa kwako? Ndiyo maana ana mdomo."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimekaa boma moja na mtu anayebishana kama mimi, tena vizuri kuliko mimi, na sikujua.

Ukafika wakati wa uamuzi. Judith alisema muhtasari unataka jina la mtoa hoja na jina la muungaji mkono. Mtoa hoja wa kisima cha juu alikuwa Mogesi. Selestine akauliza nani anaunga mkono, na kabla hajamaliza kuuliza nilikuwa nimesimama, macho yangu bado kwenye ile miti.

"Mimi."

"Mzee Waitara, hoja yako si ile ya bondeni?"

"Ile nimeiondoa. Ifute."

"Kwa hiyo unaunga mkono hoja ya nani? Taja jina, liandikwe."

Hapo nikakwama. Huyo mtu nimemwita mke wa Elia, nimemwita mama Tabitha, na mara nyingi sikumwita chochote. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwahi kupita mdomoni mwangu.

"Ya Mogesi."

Vigelegele vilivyopigwa vilifukuza ndege kwenye paa la ofisi. Mikono ilihesabiwa: mia mbili arobaini na tisa walitaka juu, kumi na wawili wakang'ang'ania bondeni, na hao kumi na wawili nawajua wote. Jioni ileile Judith alipanda pikipiki kwenda Mugumu na muhtasari wenye majina ya wanawake kumi na tisa waliochangia, ukakubaliwa bila kuulizwa swali. Jumatatu mashine ilifika. Lakini nikikumbuka siku ile, nakumbuka zaidi dakika iliyofuata vigelegele, wakati Selestine alipotaka kufunga mkutano na ile sauti ikamzuia.

"Mwenyekiti, nina neno moja la mwisho. Naomba kumshukuru baba."

Hakusema mzee aliyeuliza. Alisema baba. Watu wakaningoja nigeuke. Sikugeuka. Nilikuwa nacheka, na machozi yananitiririka mpaka kidevuni, na hayo mkamwana hapaswi kuyaona.